Ufundi wa Bodi za Motokaa Katika Nyanda za Buha

Njia itokayo Nyakanazi kwenda kusini hupita Kakonko na Kibondo, ikafika Kasulu, kisha ikaelekea Manyovu penye mpaka wa Burundi. Katika sehemu ya kaskazini ya njia hiyo, ndani ya wilaya ya Kakonko iliyotengwa na wilaya ya Kibondo mwaka 2012, ndiko ilikokuwako kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Nchi yenyewe ni ya vilima na mabonde, udongo wake ni mwekundu, na kwa miaka mingi njia yake kuu ilikuwa ya udongo mtupu. Wakati wa kiangazi vumbi la lori lililotangulia humfumba macho dereva wa lori lifuatalo. Wakati wa masika magurudumu huteleza kama juu ya sabuni. Motokaa zipitazo njia ya namna hii hugongana, hupinduka, na kujikwaruza katika kingo za barabara. Na kila baada ya ajali, majeruhi wakiisha kuondolewa, huulizwa swali moja: bati lililobonyea linyooshwe, au litolewe na pahali pake patiwe jingine?

Swali hili laonekana kuwa dogo, la watu wa gereji tu. Walakini mtu atakayelifuatia kwa muda wa miaka mia moja iliyopita ataona kwamba jibu lake halikutegemea ustadi wa fundi peke yake. Lilitegemea umbali wa bandari na reli, fedha za kigeni, masharti ya bima, na ruhusa ya mtu kusafiri. Ataona pia kwamba lugha ya mafundi imeyahifadhi mambo hayo vizuri kuliko daftari zao, maana mafundi wengi wa bodi hawakuwa na daftari.

Yafaa basi kuanza na majina. Baadhi ya sehemu za motokaa mtu wa pwani alizitambua mara tu alipoziona, kwa kuwa alikuwa nazo nyumbani kwake au chomboni mwake: mlango, kioo, kiti, taa, paa. Gurudumu la kuongozea liliitwa usukani, jina la kifaa cha nahodha, wala hakuna aliyeona ajabu. Hata leo sheria na askari wa barabarani huziita motokaa na pikipiki vyombo vya moto, ingawa chombo kwa mtu wa mwambao kilikuwa ni jahazi. Sehemu nyingine zilikuja na majina yake kutoka Kiingereza: boneti, bampa, chasisi, madigadi. Hili la mwisho limewafurahisha wanaisimu kwa muda mrefu. Waingereza walitamka neno moja tu, lenye maana ya kikinga tope. Lakini silabi yake ya kwanza ilisikika masikioni mwa Waswahili kama kiambishi cha wingi, na kwa kuwa motokaa ina madigadi zaidi ya moja, moja lake likawa digadi. Neno lililoingia likiwa umoja likageuzwa wingi, kisha likajizalia umoja mpya. Hivyo fundi aulizapo ni digadi lipi lililopondeka, la kulia au la kushoto, hasemi Kiingereza kibovu. Asema Kiswahili kilichofuata kanuni zake chenyewe.

Majina ya kazi na zana, kwa upande mwingine, ni ya namna tofauti kabisa. Fundi wa bodi hunyoosha, hufua, hukunja, hulehemu, hupiga msasa. Hushika nyundo, tindo, tupa na koleo. Haya ni maneno ya mhunzi, ya seremala na ya fundi wa vyombo, nayo yalikuwako kabla motokaa haijaonekana katika nchi hizi. Msasa ni mti ambao majani yake yana ukali wa kukwaruza, na maseremala waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ya dukani ilipokuja ikarithi jina la jani. Lehemu ni neno lenye asili ya Kiarabu, tena la mzizi mmoja na lile la nyama, kana kwamba vipande viwili vya chuma huungana kama kidonda kifungavyo. Fuawe, ambayo ni jiwe au chuma cha kufulia juu yake, ina kitenzi cha kufua ndani yake. Kwa ufupi, kile kinunuliwacho na kubadilishwa aghalabu kina jina la kigeni, na kile kifanywacho kwa mkono kina jina la kale. Tofauti hiyo si ya bahati.

Katika nchi za magharibi ya Tanzania mkono huo ulikuwa na mazoea ya kale sana ya chuma. Uchunguzi wa Peter Schmidt na Donald Avery, uliotangazwa mwaka 1978, ulionyesha kwamba katika nchi ya Wahaya watu waliyeyusha chuma kwa ufundi wa hali ya juu yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Warongo wa sehemu za Geita na Biharamulo, upande wa kaskazini wa Buha, walijulikana kwa tanuri zao. Mrundi humwita mhunzi umucuzi, na lugha yake na Kiha ni ndugu wa karibu. Chuma cha madukani kilipowaondolea wayeyushaji kazi yao, wafuaji hawakutoweka pamoja nao; waliendelea kufua vyuma vilivyokwisha yeyushwa na wengine. Isisemwe kwamba fundi wa bodi ni mjukuu wa mhunzi kwa damu, kwa maana hilo halina ushahidi. Lakini kazi ya kukirudisha chuma katika umbo lake kwa moto na nyundo haikuwa ngeni kwa watu wa huko wakati lori la kwanza lilipopinda bampa lake.

Motokaa zenyewe zilianza mbali na Buha. Tarehe 10 Agosti 1907 mwanajeshi Mjerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa iliyoundwa makusudi huko Gaggenau, akafika Swakopmund, pwani ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909. Safari ya karibu miezi ishirini na moja, kwa chombo kilichosifiwa kwa kasi! Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na vita vikaanza mwaka ule ule. Wabelgiji waliishika Kigoma na Buha tangu 1916 hata 1921, ndipo zikatiwa chini ya Waingereza pamoja na sehemu nyingine za Tanganyika. Kasulu na Kibondo zilibaki mbali na reli, na katika miaka ya 1930 watawala waliwahamisha watu na kuwakusanya mahali pamoja kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Nchi iliyopunguzwa watu haijengewi barabara upesi.

Kilichoifanya Buha ijulikane kwa wenye malori ni watu wake wenyewe. Mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko yalihitaji wafanyakazi, na Waha walikwenda huko kwa wingi, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizoandikiwa. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuajiri iliyojulikana kwa jina la SILABU, ambayo iliwachukua watu kutoka magharibi kwa lori na treni na kuwarudisha muda wao ulipokwisha. Hivyo lori katika nyanda hizi lilikuwa tangu zamani chombo cha kubeba watu kwenda mbali na makwao, na mambo ya baadaye hayakuliondolea sifa hiyo. Waliorudi walirudi na Kiswahili. Haielekei kuwa maneno ya gereji yalifika Kibondo kwa vitabu. Njia iliyo wazi zaidi ni hiyo ya watu waliokaa miaka miwili mitatu penye mitambo ya mkonge, wakasikia spana ikiitwa spana.

Malori ya wakati huo aghalabu yaliletwa yakiwa injini na kiunzi tu, na sehemu ya nyuma ikajengwa hapa hapa kwa mbao. Aliyejenga bodi, basi, alikuwa seremala kabla hajawa mtu wa chuma. Mafundi wengi wa kazi hiyo katika miji walikuwa Wahindi, hasa Wasikhi wa Punjab, ambao vijana wa Kiafrika walifanya kazi chini yao na kujifunza kwa macho. Ubao uliovunjika katika ajali ulitolewa na kutiwa mwingine, kama afanyavyo fundi wa jahazi. Haukunyooshwa, kwa kuwa ubao uliovunjika haunyooki. Neno bodi lenyewe bado halijatulia: huyu asema bodi ya gari, yule bodi la gari, na wapo wasemao mabodi. Maneno ya kukopa hukaa hivyo mpaka wasemaji waamue ni kitu cha namna gani.

Vita vya pili vya dunia vilizidisha mafundi. Waafrika wengi waliandikwa kuwa madereva na makanika katika majeshi ya Waingereza, wakaendesha na kutengeneza malori Ethiopia na Burma. Waliporudi baada ya 1945 walijua kufungua digadi kwa spana na kulifunga tena, na walijua jambo jingine la maana zaidi: kwamba jeshi lina ghala, na katika ghala mna digadi jipya. Uraiani hapakuwa na ghala.

Mwaka 1948 ilitokea motokaa iliyoyaweka pamoja mambo haya mawili, kufua na kubadilisha. Landrova ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili mwaka huo. Kwa sababu bati la chuma lilikuwa haba Uingereza baada ya vita, mabati yake mengi yalifanywa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, nayo mengi yalikuwa bapa, yakafungwa juu ya kiunzi cha chuma. Serikali ya Tanganyika iliipenda, na mabwana shamba na wakuu wa wilaya wakawa watu wa Landrova. Kwa mtengenezaji ilikuwa na fadhila moja na hila moja. Fadhila ni kwamba sehemu kubwa ya mabati yaliyoharibika yalitolewa kwa kufungua bolti, bila kukata. Hila ni kwamba aluminiamu haifuliwi kama chuma. Chuma kikitiwa motoni hubadili rangi, kikawa chekundu, kisha cha manjano, na mhunzi husoma joto lake kwa macho. Aluminiamu huyeyuka karibu na digrii 660 bila kuwa nyekundu kwanza. Mtu aingojaye iive kama chuma huona ghafula tundu pahali palipokuwa na bati. Wafuaji wa aluminiamu hutumia ujanja wa sabuni: hupakwa juu ya bati, na ikigeuka nyeusi joto latosha, moto uondolewe. Volkswagen nayo, ile ya mgongo wa kobe, ilikuwa na madigadi manne yaliyofungwa kwa bolti, na pengine hiyo ni sababu moja ya kudumu kwake katika njia mbaya.

Bati la chuma lilifuata kanuni nyingine, nayo yastahili kuelezwa, kwa sababu ndiyo iliyotawala katika nchi hii kwa muda mrefu. Bati likigongwa halibonyei tu. Hunyambuka, likawa refu kuliko lilivyokuwa. Fundi akilipiga kwa nyuma bila akili, bonde litageuka kuwa kichuguu. Kwa hiyo hushika upande mmoja kipande kizito cha chuma, chenye mviringo wa namna ya bati lilivyokuwa zamani, ambacho ndicho fuawe yake ya mkononi, akapiga upande wa pili kwa nyundo yenye uso laini, mapigo mengi madogo, akianzia kingo za bonde na kuendea katikati. Pale palipozidi kunyambuka huchomwa kwa moto nukta ndogo, kisha hupozwa kwa kitambaa chenye maji, na bati hujivuta likarudi. Mabonde madogo yaliyobaki yalijazwa zamani kwa risasi iliyoyeyushwa. Baada ya miaka ya 1950 puti ya poliesta ikaenea duniani, kwa kuwa hukauka upesi na haitaki moto. Ndipo msasa, na ndipo rangi. Kabla ya yote hayo fundi mwema hupima kiunzi. Huangusha timazi kutoka pembe za chini ya gari, hutia alama za chaki sakafuni, kisha hupitisha kamba toka pembe ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, na toka ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia. Kamba hizo mbili zikipitana urefu, kiunzi kimepinda, na digadi jipya lolote litakalofungwa juu yake litakaa upande.

Kutia puti nyingi badala ya kunyoosha ni aibu ambayo kila fundi huisema ya mwenzake. Katika njia ya lami uongo huo waweza kudumu miaka. Katika njia ya udongo yenye mawimbi madogo madogo, ambayo huitikisa motokaa toka asubuhi hata jioni, puti nene hupasuka na kudondoka kama chokaa ya ukuta mbovu. Njia ya Kibondo, kwa maana hiyo, ilikuwa mtihani mkali kuliko wa mwalimu yeyote.

Baada ya Uhuru mwaka 1961, na zaidi baada ya Azimio la Arusha la 1967, uletaji wa motokaa na spea ulizidi kuwa mkononi mwa mashirika ya umma. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya bei ya mafuta kupanda na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi ilipungukiwa sana na fedha za kigeni. Bampa jipya likawa kitu cha kuombewa kibali. Huu ndio uliokuwa utawala wa nyundo. Pipa la mafuta lilipasuliwa, likanyooshwa, likakatwa kuwa kiraka. Digadi lilifuliwa na kufuliwa tena, hata bati lake likawa jembamba. Kwa Buha, ambayo spea zake zilitoka Kigoma kwa reli au kwa barabara kutoka upande wa Mwanza na Kahama, uhaba wa miji mikubwa ulifika ukiwa umeongezeka.

Bima nayo ilisukuma upande ule ule. Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa 1963, lilifanywa la pekee katika nchi kuanzia 1967, mpaka sheria ya 1996 ilipoyafungulia makampuni mengine. Sheria humlazimisha mwenye motokaa kuwa na bima ya madhara ya watu wengine, ile ambayo watu huiita bima ndogo. Bima hiyo humlipa aliyegongwa. Hailipi digadi la aliyegonga. Mwenye bima kubwa aweza kudai bati jipya, kwa kuwa mlipaji ni mwingine. Mwenye bima ndogo hutoa fedha mfukoni mwake, na mfuko huchagua nyundo.

Wakati huo wote malori yaliendelea kubeba watu. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi wa Oktoba 1993 wengine wakavuka, wakafuatwa na Wanyarwanda wa 1994, ambao karibu 250,000 kati yao waliingia Ngara kwa njia ya Rusumo katika muda wa saa 24. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika wilaya ya Kasulu kwa ajili ya Wakongo. Kambi hizi zilikuja na misafara ya malori ya chakula, mabasi ya kuhamishia watu, na Land Cruiser nyeupe. Toyota hiyo, ya namna iliyotolewa 1984, ina kiunzi cha ngazi kama lori, na boneti na madigadi yake ya mbele hufungwa kwa bolti. Kwa mtazamo wa fundi ni mrithi wa Landrova, ila bati lake ni chuma. Shirika kubwa lenye magari mengi ya namna moja laweza kuagiza bati kutoka ng'ambo na kungoja. Mwenye basi moja hawezi kungoja, maana kila siku basi lisimamapo ni siku ya njaa. Hivyo katika nyanda zile zile zikawako namna mbili za kuponya motokaa, moja ikingoja sanduku, na nyingine ikiwasha moto.

Katika kambi lugha nazo zilikutana. Fundi aliyejifunzia kazi Bukavu au Bujumbura alifundishwa majina yaliyotoka Kifaransa: boneti kwake ni capot, bampa ni pare-chocs, na kazi yake yenyewe yaitwa tôlerie, kutokana na neno la bati. Mwenzake wa Kasulu hakufundishwa hata moja la hayo. Lakini Mswahili wa Kongo na Mswahili wa Tanzania wakisimama mbele ya digadi lililopondeka, wote wawili husema nyundo, wote husema fundi. Mpaka uliochorwa na wakoloni ulipita kati ya majina ya vitu, haukupita kati ya majina ya kazi. Jambo hili lalingana na lile lililosemwa mwanzoni, na lalithibitisha kuliko ushahidi wowote wa upande mmoja wa mpaka. Mkongo, zaidi ya hayo, alikuwa ametoka katika nchi ambayo biashara yake ilivurugika tangu serikali ya Mobutu ilipotwaa mali za wageni mwezi wa Novemba 1973. Uhaba haukuwa na la kumfundisha.

Mabadiliko makubwa yalikwisha anza upande wa pili wa nchi, penye bandari. Mwaka 1984 serikali ya Tanzania iliwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa, na katika miaka ya 1990 motokaa zilizotumika Japani zikamiminika. Zilikuja nzima, na zilikuja vipande: gari lililoharibika nyuma lilikatwa, na nusu ya mbele ikauzwa yote pamoja, taa, boneti, madigadi na bampa. Gerezani ya Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga ya Nairobi na soko la Kisekka la Kampala yakawa mahali ambapo mfu mmoja huponya wagonjwa kadhaa. Kwa mtu aliye karibu na soko, bati la kubadilisha likawa rahisi kuliko kazi ya kunyoosha. Kwa mtu wa Kibondo palikuwa na nauli ya kuongeza, na siku.

Lakini motokaa hizi ndogo zina tabia ambayo Landrova haikuwa nayo, na hapa ndipo penye hatari. Lancia mwaka 1922, na Citroën mwaka 1934, walionyesha kwamba motokaa yaweza kuundwa bila kiunzi cha peke yake, bodi yenyewe ikawa ndiyo kiunzi, ngozi na mfupa vikawa kitu kimoja. Mwaka 1959 Mercedes-Benz, kwa fikra za mhandisi Béla Barényi, ilitoa motokaa ambayo sehemu zake za mbele na nyuma ziliundwa makusudi zikunjike katika ajali, ili nguvu za pigo zisimfikie abiria. Siku hizi motokaa ndogo karibu zote ni za namna hiyo. Boneti, milango na madigadi ya mbele bado hufunguliwa kwa spana, na fundi wa kawaida aweza kuyabadilisha bila kuidhoofisha bodi. Nguzo za mlango, vizingiti, paa na pembe za nyuma ni habari nyingine: zimeunganishwa kwa nukta nyingi za kuchomelea, na katika motokaa za karibuni nguzo na vizingiti aghalabu ni vya chuma cha nguvu nyingi, ambacho kikitiwa moto wa gesi hupoteza nguvu hizo bila kuonyesha dalili kwa macho. Mkunjo ulionyooshwa vizuri, ukapigwa msasa na kutiwa rangi, huonekana kama mpya. Katika ajali ya pili huenda usikunjike vile ulivyokusudiwa kukunjika.

Ufundi ulioelezwa hapo juu, wa fuawe ya mkononi na moto wa nukta, ulizaliwa kwa motokaa ambazo bati lake lilikuwa nguo tu. Fundi aliyeurithi si wa kulaumiwa upesi; vipimo vya mtengenezaji ni nadra kumfikia, na vikimfikia haviwi katika lugha yake. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi iliundwa kwa sheria ya 1994, lakini mafundi wengi bado hujifunza kama zamani, kwa kusimama nyuma ya fundi mkubwa na kumpa spana. Watunga istilahi wameshughulika zaidi na majina ya vitu kuliko majina ya hatari. Fundi ana boneti na ana digadi. Hana bado neno moja lililozoeleka kwa sehemu ya bodi iliyokusudiwa kuharibika ili mtu asalimike.

Mtendeli ilifunguliwa tena mwezi wa Januari 2016, wakati Nyarugusu ilipokuwa imejaa kupita kiasi kwa Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka uliotangulia, na Nduta ya Kibondo ilikuwa imekwisha pokea wengi tangu Oktoba. Makumi ya maelfu ya watu waliletwa kwa mabasi na malori katika njia ile ile ya vumbi. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998 mkimbizi hutakiwa kukaa ndani ya eneo aliloandikiwa, na kutoka nje huhitaji kibali; na katika miaka iliyofuata masharti ya kutembea na kufanya biashara yalikazwa zaidi. Hivyo lile swali la mwanzo likapata sura mpya. Digadi laweza kutoka Japani hata Dar es Salaam, na toka Dar es Salaam hata Kahama na Kakonko, bila kuulizwa lilizaliwa wapi. Fundi aliyekaa kambini, hata awe stadi namna gani, hakuweza kulifuata Kahama, wala kupeleka mkono wake palipo na kazi. Ustadi wake ulihesabika ndani ya eneo tu.

Mwezi wa Desemba 2021 Mtendeli ilifungwa, na waliobaki wakahamishiwa Nduta. Njia nayo imebadilika. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kutia lami kipande cha Kabingo, Kasulu na Manyovu, yapata kilometa 260, na lami ikaanza kufuata mahali palipokuwa na vumbi. Puti nene itadumu zaidi katika njia hiyo. Spea zitafika upesi. Na motokaa zitakwenda mbio kuliko zilivyopata kwenda katika vilima hivyo, nyingi kati yake zikiwa na nguzo na vizingiti vilivyokwisha kunyooshwa mara moja mahali pengine.